Mke wa Lita Mbili

Mimi ni mtu wa kutotulia. Hata leo, na miguu hii iliyovimba, nikiona watu wamesimama mstari, hata kama ni wagonjwa wanaongoja kumwona daktari, moyo unaanza kwenda mbio na najikuta nauliza wanagawa nini. Ugonjwa huo niliupata Kariakoo, miaka ile ambayo kila kitu kilikuwa na bei nzuri iliyoandikwa kwa chaki na kitu chenyewe hakipo.

Nilikuwa nauza uji. Nilipanga chumba cha mwisho katika nyumba ya vyumba sita, ukumbi katikati na uani kwa nyuma, mitaa michache kutoka sokoni. Jua likichomoza mimi nilikuwa nimeshafika na sufuria yangu pale wachukuzi walipokuwa wakishusha magunia. Uji wa mahindi, siku nyingine wa mtama. Sukari ikikosekana natia ukwaju na kuwaambia ndiyo dawa ya mgongo. Walikunywa huku wakinitania. Uji huo ndio ulionilipia chumba, na chumba ndicho kilichonizuia nisirudi Lindi, ambako mume aliyeniacha alikuwa ameshaoa mwingine na kaka zangu walikuwa wakinitafutia wa kunichukua. Talaka yangu nilikuwa nayo, karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne, na nilikuwa nimeapa kwamba sitakaa tena chini ya jina la mwanamume. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Ukiwa na umri huo unaapa kwa urahisi.

Uji unataka moto mdogo wa kudumu. Kwa mkaa tulipikia uani kwa zamu, na zamu ya mpangaji wa chumba cha mwisho ilifika watu wakiwa wameshakunywa chai na kwenda kazini. Kwa hiyo nilipikia chumbani, kwenye jiko la mafuta ya taa lenye tambi kumi. Jiko hilo nilililea. Nilizikata tambi zake kwa wembe kila Ijumaa, na nikilitikisa niliweza kusema kwa sauti tu limebakiwa na asubuhi ngapi. Jioni nyingi nilikaa kitandani nikilitikisa. Nikisikia limebakiwa na asubuhi moja, usingizi hauji.

Mafuta ya taa yalikuwa na bei mbili. Bei ya kwanza ilikuwa ya serikali. Ilipangwa huko maofisini na watu waliotutakia mema, na hilo sina ubishi nalo hata leo. Ilikuwa bei ambayo hata mimi niliimudu. Iliandikwa ubaoni nje ya duka la ushirika la mtaa wetu. Bei ya pili haikuandikwa popote. Ilinong'onwa na mwanamke mmoja aliyeuza mchicha nyuma ya soko, chupa zake za mafuta zikiwa chini ya mafungu ya mchicha, na ilikuwa mara tatu ya ile ya ubaoni, siku mbaya mara nne. Mafuta yalikuwa yale yale. Nina hakika mengi yalitoka kwenye pipa lile lile kwa mlango wa nyuma, kwa sababu aliyeuza kwa bei ya ubaoni hakupata faida ya kumwamsha asubuhi. Bei ya ubaoni ikibaki tamu, duka linabaki kavu, na mama wa mchicha anazidi kunenepa. Sikuhitaji kusoma uchumi kulijua hilo. Nililijua kwa miguu.

Maana tulikimbia, jamani. Mtu akipita akasema yameonekana Mchikichini, tunaenda Mchikichini, madumu yanagongana njiani. Tukifika, yameisha. Anatokea mwingine anasema kuna gari limeonekana Buguruni. Siku moja nilivuka bonde la Jangwani maji yakiwa magotini, dumu tupu kichwani, kwa sababu ya uvumi, nikarudi na dumu tupu na kandambili moja. Wachukuzi asubuhi yake walikosa uji. Mmoja aliniambia, kwa upole kabisa, kwamba kuna mama mwingine ameanza kuuza upande wa pili wa soko. Nilimtukana, na si kosa lake.

Ndipo likaja daftari. Ili kuzuia watu kununua mara mbili mbili, mafuta ya bei ya serikali yakawa yanauzwa kwa walioandikishwa tu, na mwenye kuandikisha alikuwa mjumbe wa nyumba kumi. Kila kaya lita mbili kwa wiki. Wanaume wenye wake wawili wakalalamika kwamba wao wana kaya moja lakini majiko mawili, kila mke na lake, na mjumbe, ambaye mwenyewe alikuwa na wake wawili, akaona wana haki. Basi mtaani kwetu ikakubalika kuhesabu kwa jiko. Mke na jiko lake, lita mbili. Mimi nilikwenda kujiandikisha na jiko langu nimelikumbatia, kama ushahidi.

"Uko na nani?" mjumbe akaniuliza.

"Peke yangu."

"Mtu mmoja si kaya, binti. Mtu mmoja anakula hotelini."

Nilimwambia mimi ndiye ninayewalisha hao wanaokula nje. Akacheka, akaita mwingine. Nilirudi nyumbani kwa hasira, nikaufungua mlango wa uani kwa teke.

Uani alikuwapo mama mwenye nyumba anachambua mchele. Huyu ndiye aliyekuwa mtu wangu mjini. Alinizidi miaka kama kumi na tano, na nilipofika na kibunda changu yeye ndiye aliyenifundisha wapi pa kusimama sokoni na nani wa kutomkopesha. Alikuwa na mumewe miaka kumi na minane na hawakujaliwa mtoto. Jamaa za mumewe walikuwa wakija kila sikukuu kumshauri bwana aongeze mke, wakishauri kwa sauti ya kumfikia mama aliye jikoni. Alijua kucheka, lakini. Nilipomweleza ya mjumbe alicheka mpaka ungo ukamponyoka.

"Basi tumwandikishe kwetu," akamwambia mumewe, aliyekuwa ananyoa ndevu karibu na bomba. "Mwandikishe kuwa bi mdogo wako. Tutapata lita mbili za pili, kila mtu anapata nyongeza ya lita moja. Kwani nani atakuja kumfunua kanga?"

Mumewe, karani wa bohari moja huko bandarini, mtu mpole wa kuvaa soksi hata Jumapili, alishtuka. Akasema haya ni mambo ya serikali. Mama mwenye nyumba akamwambia serikali inataka watu wapate mafuta, na hawa ni watu. Mimi nilikuwa nacheka pia. Nilifikiri mama anaitania hofu yake ya siku zote, ya kuletewa mke mwenza, anaivalisha nguo za kuchekesha ili isimtishe. Nafikiri hata sasa kwamba ndivyo ilivyokuwa. Na nilitaka mafuta. Niseme ukweli: nilitaka mafuta kuliko nilivyotaka kufikiri.

Bwana akaenda kwa mjumbe, akarudi, nikawa nimeandikwa.

Kwa wiki nne za kwanza nililala. Jumamosi naenda dukani, nalipa bei ya ubaoni, narudi na lita zangu mbili, moja namimina kwenye dumu la mama mwenye nyumba, moja inaingia kwenye jiko langu, na pengo linalobaki nalijaza kwa mama wa mchicha. Uji ukarudi kuwa mzito. Wachukuzi wakarudi. Nikanunua kandambili.

Lakini dukani majina yalisomwa kwa sauti. Karani wa duka alikuwa akisimama mlangoni na daftari, anataja jina la bwana kisha anaongeza, "bi mdogo!" na mimi naitikia, na foleni nzima inageuka. Wiki ya kwanza waliokuwa wanajua walicheka. Wiki ya tatu wasiojua walikuwa wengi zaidi. Mwanamke wa nyumba ya jirani alinishika mkono akasema, "Hongera, mwenzetu, hata pilau hamkutuita." Muuza kahawa akaacha kuniita mama uji akaanza kuniita shemeji. Nilieleza kwa wawili watatu wa kwanza, kwa sauti ya chini, halafu nikaogopa. Ilikuwa miaka ambayo mtu aliweza kuchukuliwa kwa sababu ya miche ya sabuni iliyokutwa chini ya kitanda. Kuandikisha mke hewa ili upate mafuta, hilo lingeitwa jina zito.

Na bwana naye akaanza. Alianza na salamu. Siku zote nilimwamkia shikamoo na yeye akaitikia marahaba, kama inavyotakiwa. Asubuhi moja nilimwamkia ukumbini, akasema, "Aa, shikamoo ya nini, sisi kwa sisi? Umeamkaje?" Nikapita na sufuria ya moto mikononi. Tangu siku hiyo nilimwamkia kwa sauti kubwa zaidi, shikamoo ya kusikika mpaka uani, na yeye hakuiitikia tena hata moja.

Kisha akaja na samaki. Jioni ya mwisho wa mwezi alirudi kutoka feri na changu wawili, kila mmoja kwenye gazeti lake. Mmoja akampa mkewe, mmoja akaniletea mimi mlangoni. Walikuwa sawa kabisa, kama waliokatwa kwa kipimo kimoja. Niliwatazama, nikamtazama mama mwenye nyumba aliyekuwa amesimama ukumbini na wa kwake mkononi, na nikamwona anawalinganisha. Mwanamume mwenye wake wawili anatakiwa kuwafanyia usawa. Kila mtu wa kwetu analijua hilo. Bwana yule alikuwa amesimama sokoni akawachagua walingane. Hakuna barua ya mapenzi ambayo ingenitisha kuliko samaki yule.

"Samaki wako huyo, mdogo wangu," mama mwenye nyumba akasema. Akaingia ndani. Sikumsikia akicheka tena kwa muda mrefu.

Siku zilizofuata sikukaa chini. Nilikula nimesimama. Yule mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliacha tu kuniita uani, na lita yake nilipoimimina alisema ahsante kama anavyomwambia muuza duka. Niliona anavyosikiliza. Ukumbi ule ulikuwa wa saruji na kila hatua ilisikika, na nilijua kwamba mumewe akitoka kwenda bombani yeye anahesabu hatua mpaka zirudi. Nilitaka kwenda kwake nimwambie, dada, simtaki, sijawahi kumtaka. Lakini maneno hayo ukimwambia mke kuhusu mumewe, hata hayo ni tusi.

Nilifikiria kwenda kwa mjumbe nijifute. Ningesema nini? Nikisema tulidanganya, bwana anachukuliwa, nyumba inafutwa kwenye daftari, na mama mwenye nyumba anakosa hata mafuta yake ya halali. Nikinyamaza, kila Jumamosi natangazwa mke wa mtu mbele ya mtaa mzima, na kila Jumamosi yule bwana anaamini zaidi kidogo. Nilichokuwa nakisubiri ni kumpoteza rafiki au kumpata mume, na vyote viwili vilikuwa vinakuja kwa bei ya serikali.

Wakaja kuhakiki. Ofisini walikuwa wamegundua kwamba madaftari yana watu wengi kuliko mitaa, kwa hiyo karani wao mmoja akatumwa apite na wajumbe nyumba kwa nyumba ayaone majiko kwa macho yake. Kwetu walifika saa nne asubuhi. Nilikuwa nimetoka sokoni, naosha vikombe. Bwana hakwenda kazini siku hiyo. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, ananukia udi, na alisimama ukumbini kama mtu anayepokea wageni wa harusi.

"Jiko la kwanza hili," akasema, akimwonyesha karani mlango wa mkewe. "La pili lile kule."

Karani alikuwa kijana mkavu mwenye kalamu sikioni. Akaja mpaka kwangu, akachungulia, akaliona jiko langu na tambi zake kumi, akaridhika. "Bi mdogo ni wewe, ndugu?" Akanigeuzia daftari. Palikuwa na jina la bwana, chini yake maneno "mke wa pili", na mbele yake nafasi ya kutia sahihi.

Nilimtazama mama mwenye nyumba. Alikuwa ameshika pindo la kanga analikunja na kulikunjua, macho yakiwa sakafuni. Hakuwa ananiomba kitu. Nadhani alikuwa ameshaamini. Na mumewe alikuwa ananitazama kwa uso mwema, wenye furaha, uso wa mtu ambaye kitu kinamjia bila yeye kukiomba, na nilijua kwamba nikitia sahihi, atakuja kubisha mlangoni kwangu akiwa na mjumbe na serikali nyuma yake.

"Nilikuwa mimi," nikasema. "Ameniacha."

Karani akainua kichwa. "Lini?"

"Juzi."

Akamgeukia bwana. "Kweli, ndugu? Umemwacha?"

Wapangaji wengine walikuwa wametoka milangoni. Bwana aliwatazama, akanitazama mimi. Angesema hapana, ningemuuliza pale pale, mbele ya mjumbe, mahari yangu ilikuwa shilingi ngapi na shehe gani alituozesha, na aliniona usoni kwamba nitauliza. Sikuwa nampepesia macho. Kofia ilikuwa imemlegea upande.

"Nimemwacha," akasema.

Mjumbe, mtu wa msikitini, akaona lazima jambo lifanywe kikamilifu. "Talaka ngapi?"

"Tatu," nikajibu mimi, kabla bwana hajavuta pumzi.

Mjumbe akamsubiri mwenyewe. Kwa watu wetu neno hilo halina mchezo, na talaka tatu hazina kurudiana. Bwana alilijua hilo kama alivyojua jina lake. Alimtazama mkewe. Sijui aliona nini huko. "Tatu," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeachwa yeye.

Karani akapiga mstari juu ya lita zangu mbili. "Sasa unakaa kwa nani?" akaniuliza.

"Kwangu."

Akapekua ukurasa mmoja, akapekua wa pili, akarudisha kalamu sikioni. "Hiyo haipo," akasema, wakaenda nyumba ya pili.

Kwa hiyo nimeachwa mara mbili maishani mwangu, na mara moja tu niliolewa. Mtaani walitaka kujua kwa nini sikai eda. Nilimwambia aliyeuliza, eda ya nini, ya mafuta? Nilirudi kwa mama wa mchicha, na kwa kuwa aliniona nimekuja na dumu badala ya chupa, alinipandishia bei hapo hapo. Nilipunguza tambi kutoka kumi mpaka sita. Uji ukachelewa kuiva, nikachelewa sokoni, nikaongeza senti kwenye kikombe na wachukuzi wakanuna, na mmoja wao akaniambia nimekuwa mlanguzi. Nililia siku hiyo, nyuma ya magunia ya vitunguu, na nikasingizia vitunguu.

Mwisho wa mwezi bwana akanitaka nihame. Alisema anakihitaji chumba, na alisema akitazama ukuta. Nilimwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba.

Nilipata chumba Buguruni. Asubuhi ya kuhama nilifunga kibunda changu, sufuria na vikombe, na nilipogeuka kulichukua jiko, sikulikuta. Mama mwenye nyumba alikuwa ukumbini, amejitwika jiko langu, na kata ya kanga chini yake, mafuta kidogo yaliyobaki yakichezacheza ndani. Tangu siku ya karani hatukuwa tumezungumza zaidi ya salamu. Alitangulia, nami nikafuata.

Tulitembea njia yote. Mafuta yalimdondokea begani na akaacha yadondoke. Tulipopita Ilala alisema, bila kugeuka, "Ungetia sahihi, ningekaa. Ningekupikia hata pilau." Baada ya hatua kadhaa akasema, "Na ningekuchukia mpaka kufa." Nilimwambia najua. Akasema, "Mimi ndiye niliyelianza." Nilimwambia hilo pia najua. Basi tukawa tunalia wote wawili, barabarani, na mizigo kichwani, tusiweze hata kujifuta.

Mjumbe wa mtaa wangu mpya alikuwa amekaa barazani kwake na daftari. Aliuliza jina langu, akaandika, akauliza nilichojua atauliza. "Uko na nani?"

Nilikuwa nimeshaandaa ugomvi. Mama mwenye nyumba alinitangulia. Hakuwa hata ametua mzigo.

"Yuko na jiko," akasema. "Nimelibeba kutoka Kariakoo, shingo imeniuma. Andika."

"Mama, utaratibu unataka mkuu wa kaya."

"Ndiye huyo unayemtazama."

Mjumbe alinitazama, akamtazama yeye, mafuta yakimtiririka mpaka kwenye kiwiko na kudondoka barazani kwake. Akaandika.

Duka la mtaa ule lilikuwa na bei safi sana, imeandikwa kwa rangi ya kudumu, siyo chaki. Mafuta ya bei hiyo sikuyaona hata mara moja kwa mwaka na nusu niliokaa pale. Niliendelea kununua ya kunong'onwa, kwa bei ya kunong'onwa. Lakini kila Jumamosi karani alitoka mlangoni, akatusomea majina yote kabla ya kutuambia turudi wiki ijayo, na langu lilisomwa lenyewe, bila la mtu mbele yake wala nyuma yake, nami niliitikia kwa nguvu mpaka foleni nzima ikageuka.